Jaribio la Mwanangu

Nilipopangiwa kufundisha Mishamo, mwanangu alikuwa na miaka minne, na pumu ilikuwa imeshamzoea. Baba yake alikuwa amefariki. Daktari wa Mpanda aliniambia bila kuzunguka kwamba mtoto wa namna ile asikae mbali na hospitali, na kule nilikokuwa nakwenda gari la kubeba mgonjwa lilikuwa la kubahatisha. Basi nikamwacha kwa mama yangu, pale pale mjini, nikapanda lori lililokuwa linafuata mahindi. Hakulia. Alikuwa anamenya karanga na bibi yake, akanipungia mkono umejaa maganda.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Miaka michache baadaye nikapewa darasa la pili. Watoto wengi walikuwa wa familia zilizotoka Burundi, wenyewe wamezaliwa hapo hapo kwenye makazi ya wakimbizi. Nyumbani waliongea Kirundi, Kiswahili walikuja kukikuta shuleni. Kwenye imla, l na r ziliwatesa: nikisoma "kulala", nusu ya darasa wanaandika "kurara".

Karatasi zilikuwa shida, kwa hiyo mwalimu mkuu alitaka tusubiri mtihani wa mwisho wa muhula. Mimi niliona muhula ni mbali mno, mtoto anaweza kupotea mwezi wa pili ukaja kugundua mwezi wa sita. Nikaanza kuwapa jaribio dogo kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Maneno machache ya imla, hesabu chache ubaoni, halafu mmoja mmoja anakuja mezani kunisomea aya. Nusu karatasi ilitosha. Jumamosi nasahihisha barazani, na nikilinganisha na jaribio lililopita naona kila kitu. Huyu ameacha kuhesabu kwa vidole. Huyu alijua kutoa, sasa amerudi nyuma. Nikiuliza, naambiwa wiki nzima alikuwa anavuna maharage.

Kulikuwa na msichana mmoja ambaye majaribio ya mwanzo hakuandika kitu zaidi ya jina lake. Nikawa nambakiza kidogo baada ya vipindi, tunatamka maneno pamoja, namwonyesha ulimi unagusa wapi. Akaanza kupanda polepole, neno moja, kisha matatu, mpaka Ijumaa moja akanisomea aya nzima bila kusimama. Mama yake alikuja kunishukuru na maharage kwenye kikapu. Nikamweleza binti alikuwa wapi na sasa amefika wapi, herufi kwa herufi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole:

"Na wa kwako, mwalimu? Naye amefika wapi?"

Nikamjibu kwamba yuko Mpanda, naye ni darasa la pili. Akasema hilo analijua, yeye anauliza amefika wapi. Hakuwa na nia mbaya, ni mzazi anamuuliza mzazi mwenzake. Nikageukia kumimina yale maharage ili nimrudishie kikapu chake.

Likizo ya Desemba barabara ilikuwa tope tupu, tulilala njiani. Nilipofika, mwanangu alinisalimia kwa adabu zote, akanipokea mzigo. Kesho yake asubuhi nikamkalisha kwenye mkeka, nikampa jaribio lile lile nililowapa wanafunzi wangu kabla ya kufunga shule. Aliandika kimya, ncha ya ulimi nje. Alipomaliza alisimama, akanipa karatasi kwa mikono miwili.

Hakukosa hata moja. Nikawa naangalia mwandiko. Herufi yake ya k ilikuwa na mkia ambao mimi sijawahi kumfundisha mtoto yeyote.

"Nimepata zote?" aliuliza.

"Zote."

"Basi tutaondoka wote?"

Mama yangu, aliyekuwa anapepeta mchele, aliinamia ungo. Baadaye ndipo aliponieleza: mtoto alipokuwa anauliza kwa nini simchukui, yeye alimjibu asome kwanza. Alikuwa anatafuta neno la kumtuliza tu.

Nilimwambia mwanangu kwamba si sababu ya masomo, ni sababu ya kifua chake.

"Basi na chenyewe kipime," akasema, akasogea mbele yangu.

Niliweka sikio. Kilikuwa kinapiga mluzi mwembamba, kama upepo kwenye tundu la mlango. Nikaendelea kuegemea pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naye hakujitoa.

Januari nilirudi Mishamo peke yangu. Niliomba uhamisho, nikaomba tena, na majibu yalikuja mwanangu akiwa darasa la tano. Siku niliyohamia Mpanda nilimkuta jikoni anasonga ugali, mrefu, kifua kimetulia. Tulipomaliza kula, alimgeukia bibi yake akauliza, "Bibi, mama atalala wapi?" Aliuliza kama mwenyeji anavyouliza kuhusu mgeni, kwa heshima. Kisha akasema nilale kitandani kwake, yeye atasogea ukutani.

Tulizoeana, taratibu. Sasa ni mtu mzima, anaishi Tabora, na tunaongea vizuri. Lakini wale watoto wa Mishamo nakumbuka mpaka leo nani alielewa nini, na ilikuwa Ijumaa gani ya mvua au ya jua. Wa kwangu nilimkuta tayari anajua. Natamani siku ambazo sikuwapo, hata moja tu.

Niliwahi kumuuliza mama yangu kuhusu siku mtoto alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza. Alijitahidi kukumbuka, nilimwona. Akasema haikumbuki, ilikuwa siku ya kawaida tu.