Siku Niliyoifua Glavu ya Ruben

Chekeni mapema tumalizane: mimi, dobi niliyeachia shule darasa la sita, nikaja London na begi moja na leo nina duka langu hapa Kenton (langu peke yangu, si la ubia), ndiye niliyeharibu glavu ya Ruben.

Ruben ni Mmarekani, jirani yangu, alicheza besiboli ya kulipwa miaka mingi, akilinda besi ya pili, moja ya vituo vya mchezo huo. Kupiga hakujua sana, anakubali mwenyewe, lakini mpira ukija upande wake haukupita, na mikono hiyo ndiyo iliyomlisha. Sasa klabu moja ya vijana huko Hayes ikataka kumuenzi, adake mpira wa kwanza wa msimu kwa glavu yake ile ile ya zamani, ya ngozi, ya kudakia. Akaniletea mfuko wa jezi nifue, na glavu imo humo humo. "Hiyo usiiguse," akasema.

Lakini mimi nikiona uchafu mkono unaniwasha! Glavu ilikuwa nyeusi kwa jasho na mafuta, nikaona nimfanyie hisani, nikaitia kwenye mashine, maji ya moto, kisha kikaushio. Ilitoka safi (hapo siwezi kujilaumu) lakini imejikunja, ngumu kama samaki omena aliyekaushwa. Nikaifunga kwa karatasi nzuri nikamrudishia bila kumwambia, nikijidanganya kwamba ngozi italegea yenyewe.

Jumamosi uwanjani, watu wamejaa, Ruben anasukuma vidole, haviingii. Mwenyekiti wa klabu akasema labda ni unyevu wa kabatini, na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Mke wangu akanifinya. "Baba Shiro, kila siku unajisifu kwa kinywa hicho hicho. Leo kimefungwa na nani?"

Nikasimama. Nikasema mbele ya wote: ni mimi, niliambiwa nisiiguse, nikaifua. Masikio yaliniwaka kama pasi.

Ruben aliipapasa ile glavu kwa muda, machozi yakimlengalenga. Kisha akasema, "Mchezaji akikosa mpira huiangalia glavu, kana kwamba ndiyo iliyokosa. Nimecheza na wengi wa hivyo. Wewe hukuiangalia glavu." Akaazima ya msichana mmoja wa klabu, ndogo kama kisahani, akadaka vile vile.

Namshukuru hadi leo, maana jezi zake bado ananiletea mimi. Kenton nzima hakuna dobi wa kunishinda, muulizeni yeyote, ila siku hizi nikikosea nasema kabla sijafinywa.