Vidonge vya Nakundwa

Ningesema hapana siku ile mwalimu wa kwaya alipokuja kuomba vidonge vya mke wangu, leo nisingekuwa na aibu hii ya kuwasimulia.

Mke wangu, Nakundwa, alikuwa akivimba viungo na kuwa mwekundu usoni, na daktari wa hospitali kubwa alimwandikia klorokwini ya kila siku. Nilimbishia (mimi na kidato changu cha nne!) kwamba hana malaria. Daktari akanieleza taratibu kwamba ndani ya seli za ulinzi kuna vipokezi vya kunasa vijidudu, ila vya mke wangu vinanasa hata mabaki ya seli zake mwenyewe, basi mwili unajishambulia. Klorokwini huvituliza, na isikatike hata akijisikia mzima. Nikaitikia, nikasahau.

Miaka ile zahanati yetu ya mlimani ilikuwa na rafu tupu bila dawa, maduka ya dawa ya watu binafsi ndiyo kwanza yanafunguliwa mjini Same, huko chini tambarare. Kwaya yetu, ambayo mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wake, ikaalikwa kuimba hukohuko Same, na sisi watu wa baridi tunaogopa mbu wa tambarare kuliko chui.

"Mwenyekiti, mama si amepona huyu?" mwalimu akasema. "Tugawie, wanakwaya wajikinge."

"Baba Mbonea, daktari alisema visikatike," Nakundwa akaniambia toka jikoni.

"Nitakununulia vingine Same," nikamjibu, kwa sauti ya mwenyekiti.

Tukavimeza vyote, tukashuka. Klorokwini (mnaijua) huwasha baadhi ya watu. Kumbe kwetu ni karibu wote. Ubeti wa pili sauti ya kwanza wakaanza kujikuna, besi wakafuata, mwalimu akaongoza kwa mkono mmoja, wa pili uko ndani ya shati, na mimi, na suti yangu ya kuazima, nikajisugua mgongo kwenye nguzo ya turubai mpaka turubai likalala upande.

"Nyie wa mlimani, mmelalia upupu?" mama mmoja akapaza sauti, uwanja mzima ukaangua kicheko, na mwenye duka la dawa alikuwa mbele kabisa, anafuta machozi.

Basi duka lake nikalipita nimejificha ndani ya lori. Nikasema nitarudi wiki ijayo, wakishasahau, kisha ijayo tena, na Nakundwa akawa ananiambia hajambo. Nilipoteremka kununua, miguu yake ilishavimba na figo zilishaharibika.

Alikufa kabla ya mavuno. Niliogopa kuchekwa dukani, nikamzika mke wangu.