Makuti ya Nyevu

Zamani, mtu akijenga Ngomeni alijua boriti zake zimekatwa na nani. Siku hizi ni mabati na misumari, na Gona Mwambire, aliyekata boriti mikokoni tangu ndevu hazijamwota, hana wa kumkatia. Nyumba yake ndiyo ya mwisho mtaani kuezekwa makuti, na makuti hayo aliyasuka mkewe, Nyevu.

Nyevu alikufa mwaka juzi. Mtoto wao yuko Mombasa. Akipiga simu huuliza hali, akakata. Kilichomsalia Gona ni miche ya mikoko aliyoipanda Nyevu kabla ya kuugua, huko matopeni nyuma ya mashamba ya chumvi, chini ya mkoko mmoja mkubwa uitwao mchu. Wanawake wenzake walipanda yao palipo wazi, jua likaikausha. Ya Nyevu ikashika.

Maji yakipwa, Gona huenda kuitazama. Huiamkia kwa sauti, maana nyumbani hakuna wa kuamkia.

Kiangazi hiki aliiona imedumaa. Akawaza kama mtu wa shamba la mahindi: kilichofunikwa hakikui. Akachukua shoka, akayakata matawi ya mchu, miche ipate jua.

Jua ililipata. Siku chache baadaye, adhuhuri, tope likimchoma nyayo, aliona mikoko mikubwa ya ukingoni imesimamisha majani yake ya juu wima, imelipa jua ubavu, kama mtu akwepavyo moshi wa jiko. Ile imekomaa, inajua kujihami. Miche nayo ilijaribu vivyo hivyo, kwa majani yake machache, lakini ncha zilikuwa zimeungua. Mmoja ulikwisha kufa.

"Nyevu, nimekuharibia," alisema.

Akazunguka kijiji kizima kutafuta makuti ya kuikingia. Minazi ipo, wasukaji hawapo. Akarudi nyumbani, akaegemeza ngazi ukutani.

Mahadhi, kijana mvuvi wa nyumba ya pili, alimwona akipita na mzigo kichwani.

"Shikamoo, mzee. Wahama, ama wataka kuoa?"

"Marahaba. Naenda kuezeka."

"Waezeka nini huko matopeni, na yako waibomoa?"

"Nyumba ya Nyevu."

Mahadhi akaacha kucheka. "Lete basi nikupokee, mzee wangu."

"Alipokuwa akipanda, wanaume sote tulimcheka. Niache nibebe."

Alikita fito ndefu kuliko maji yajaapo, akayafunga makuti juu yake kwa kamba ya makumbi ya nazi, fundo kwa fundo, kama yalivyofungwa zamani.

Miche iliyobaki imeyalegeza majani yake, haikwepi jua tena. Mmoja umechipua.

Nyumbani, jua la saa saba sasa huingia mpaka kitandani. Gona akijilaza mchana husogea ukutani, upande aliokuwa akilala Nyevu. Hapo bado paa limefunika.