Aya ya Nne

Enzi za Ujamaa nilifundisha Kiingereza darasa la saba huko Chanzuru, na nilijiona bingwa wa maswali ya kuoanisha aya na vichwa vyake. Wanafunzi niliwakataza kupoteza muda kusoma. Chukua neno la kichwa, litafute kwenye aya, oanisha, songa mbele.

Mkaguzi alipokuja na mtihani wake wa majaribio, nilijitolea kuufanya ubaoni. Dakika tatu nikawa nimemaliza, nikajipangusa chaki kama daktari aliyetoka kupasua mtu.

Zuhura, binti wa fundi reli, akasimama. "Samahani, mwalimu. Aya ya nne umeiita 'Furaha ya Harusi', lakini ni ya msiba. Bwana harusi amefariki, wanamzika."

Ndipo nikaisoma. Neno harusi lilikuwemo kweli: walimzika na shati lake la harusi.

Mtoto huyu alikuwa ameingia ndani kabisa ya lugha ambayo mimi nilikuwa nikiichungulia dirishani.

"Umejuaje, binti?" mkaguzi akauliza.

Zuhura akanitazama kwanza, kwa huruma.

"Nisamehe, mwalimu," akasema. "Nimeisoma yote."