Punguza, Punguza Tena

Ubishi wangu umenigharimu pazia la mlango wa chumbani na heshima yangu kwa mama mkwe. Pindo lilichanika, nikalipeleka kwa fundi cherehani hapa Songea.

“Elfu nne, baba.”

“Punguza.”

“Sawa.”

Nikaona amelainika. “Punguza tena!”

“Tena? Haya, pazia ni lako.”

Akaniletea limekunjwa. Mimi ninayehesabu chenji mara mbili sikulikunjua hata mara moja. Jumapili mama mkwe akabisha hodi. Nikalitundika harakaharaka, nikavaa suruali nyuma ya pazia.

“Shikamoo, mama!”

“Marahaba. Malizia kuvaa kwanza, baba. Magoti yote tunayaona.”

Nikamfuata fundi nimefura.

“Si ulisema nipunguze? Nimepunguza mara mbili. Elfu nne yangu iko wapi?”

Nishaurini: nimlipe, au kwanza anirudishie vile vipande viwili alivyokata na kushonea foronya zake?