Mkwe Hakuona Mtu

Nimefundisha uraia kwa miaka mingi, na kila nikifika kwenye sura ya sheria siwezi kukaa kitini. Natembea kutoka dirishani hadi ubaoni, narudi, nachungulia nje, nafuta ubao ambao hauna kitu. Kitabu kinasema sheria ndiyo inayowafunza watu mwenendo mwema. Wanafunzi wanaandika. Nawatazama wakiandika na roho inaniwasha, kwa sababu nililelewa na mwanamke aliyevunja sheria ya serikali mchana kweupe bila kupepesa jicho, kisha nusura afe kwa kuitii nyingine ambayo haijaandikwa popote. Mwanamke huyo ni mama yangu.

Siku zile sukari ilikuwa imetuingia kichwani. Kutoka kwetu ukielekea Mumias hukuona mtama wala malisho; kulia miwa, kushoto miwa, na matrekta yakivuta matela yaliyojaa hadi kumwaga. Watu waliezeka mabati, wakanunua redio, wakaanza kuongea kwa sauti. Baba alikuwa akifanya kazi Eldoret na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Katika safari moja kati ya hizo alilitia shamba lote katika mkataba na kiwanda. Nasema lote. Miwa ilianzia barabarani ikaja mpaka mlango wa jikoni, hata kamba ya kuanikia nguo ikakosa pa kufungwa. Mama, aliyelima mahindi na maharagwe pale tangu aolewe, akawa ananunua unga dukani kama mtu wa mjini. Kila akisonga obusuma, ugali wetu, kwa unga ule, alionja akanuna.

"Hii si unga," alisema. "Hii ni vumbi ya watu wengine."

Mkataba ulipofikia mavuno ya mwisho, baba alikubali, baada ya maneno mengi, kwamba miwa ikishakatwa sehemu ya nyuma ya jikoni itarudi kwa mama. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani: miwa itoke kabla ya mvua ya Machi, apande mahindi. Mvua ikimkuta miwa imesimama, ni mwaka mwingine wa unga wa duka, na pengine baba abadili mawazo atie sahihi tena. Baba alikuwa mwepesi wa kutia sahihi.

Lakini mkulima hakujikatia miwa yake. Ilikatwa kwa zamu, na supavaiza wa uvunaji ndiye aliyesema leo wakataji waingie kwa nani, kesho kwa nani. Supavaiza wa upande wetu alikuwa mume wa dada yangu mkubwa.

Mtu wa mbali angesema basi, mmeula. Kwetu hapo ndipo mambo yalipokwama. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja hupisha hadi vichakani. Mama akisikia pikipiki ya shemeji, aliingia ndani ya miwa na jembe lake akachutama humo mpaka mlio upotee. Shemeji naye alipiga honi kila kona alipokaribia kwetu, kumpa mama nafasi ya kujificha. Hakuna askari aliyewahi kusimamia jambo hilo, wala faini, wala korti. Lilifanyika tu, kila siku, na watu wawili wazima wenye akili zao.

"Enda wewe umwambie," mama alinituma.

Nilienda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, sina la kufanya ila kutumwa. Shemeji alinisikiliza akiwa amekaa juu ya pikipiki.

"Shemeji, nikikata ya kwenu kabla ya zamu, watasema nimeweka ukwe mbele ya kazi," alisema. "Mwambie mama avumilie."

Alikuwa mtu wa haki, na haki yake iliniudhi. Nilimpelekea mama jibu.

"Na mvua je?" mama akauliza. "Hiyo nayo itavumilia?"

Sasa, kulikuwa na utaratibu mmoja. Miwa ikishaungua haiwezi kungoja. Siku chache tu na utamu wake unaharibika. Kwa hiyo shamba lililoungua lilikatwa kwanza, ili aliyepatwa na ajali asipoteze jasho lake. Ulikuwa utaratibu wa huruma. Watu wakausoma wakauelewa kuliko walioutunga. Msimu ule ukazuka moto wa ajabu, moto wenye adabu, uliochagua mashamba yaliyochelewa tu na kukoma mpakani bila kugusa la jirani. Chifu akatangaza kwamba atakayechoma miwa, hata kama ni yake, atapelekwa mahakamani Kakamega. Moto haukupungua. Tofauti ni kwamba sasa watu walichoma kisha wakakimbilia matangani, waonekane na wengi.

Februari ilipokaribia kwisha, mama hakutulia. Anatoka kutazama mawingu, anaingia, anachochea moto usio na chungu, anatoka tena. Mimi na matokeo yangu, yeye na mvua yake, tulikuwa tukigongana mlangoni. Kwa siku mbili alinipa fagio na panga tusafishe mpaka wote wa shamba, tuondoe majani makavu. Nilidhani ni usafi.

Kisha chifu akaitisha baraza, na ajenda ilikuwa hiyohiyo ya uchomaji.

"Enda unisikilizie," mama alisema. "Kaa mbele, chifu akuone."

"Na wewe?"

"Mimi niko na kazi."

Nilikaa mbele. Chifu alisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na watu wakapiga makofi, hasa wale ambao miwa yao ilikuwa imeshaungua. Alikuwa bado anazungumza macho ya watu yalipohama usoni pake yakapanda juu ya kofia yake. Nikatazama walikotazama. Moshi mweusi, mnene, upande wa kwetu.

Nilikimbia. Njiani ndipo nilipoelewa kwa nini aliniambia nikae mbele, na hofu ikanipanda na hasira juu yake.

Mama alikuwa amepanga vizuri. Awashe moto upande wa chini, apite katikati ya shamba, atokee kwenye njia ya trekta, arudi jikoni amenyoosha mgongo. Asichopanga ni upepo, uliogeuka na kuuzungusha moto pande tatu, ikabaki ile njia peke yake. Tena shemeji alikuwa karibu. Aliona moshi, akaja mbio kuokoa mashamba ya jirani, na kwa haraka ile, kwa mara ya kwanza tangu amuoe dada yangu, hakupiga honi.

Nilimkuta amesimama kwenye mdomo wa njia ya trekta, panga mkononi, hasogei. Nikafuata macho yake na hapo hapo akayashusha chini. Ndani ya miwa, hatua chache tu kutoka njiani, niliona leso ya mama. Alikuwa amechutama, kama siku zote mkwe wake anapopita. Nyuma yake miwa ilikuwa ikilia kwa moto.

"Mama, toka!" nikapiga kelele.

"Toa mkwe hapo," sauti yake ikajibu.

Shemeji alipiga hatua moja mbele, akarudi. Akapiga tena, akarudi. Jasho lilimtiririka. Angeweza kuingia akamshika mkono akamvuta. Ni mwanamume mwenye nguvu. Angeweza pia kukimbia aondoke kabisa, lakini nadhani hakuweza kumwacha. Nilitaka kuwachapa wote wawili. Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na mpaka leo nikiikumbuka nasimama nitembee.

Ndipo shemeji akaangusha panga. Alivuta shati lake juu, akafunika kichwa chote, akageuka akatupa mgongo na kutazama barabara ambayo hakuiona.

"Mwambie mama njia iko," alisema ndani ya shati.

Mama akatoka. Leso ilikuwa inafuka pindoni, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua hadi kiwiko. Alipita nyuma ya mkwe wake ameinama, karibu sana, akaelekea jikoni. Shemeji alibaki vilevile, shati kichwani, akikohoa.

"Amepita, shemeji," nikamwambia.

Jioni askari wa chifu alikuja. Mimi sikushukiwa; moto ulipowaka nilikuwa kwenye baraza la chifu, na mwenyewe aliniona nikikimbia. Wa kuulizwa alikuwa supavaiza, maana ndiye aliyefika kwanza. Niliogopa, kwani nilimjua. Huyu alikataa kutupa hata zamu.

"Uliona nani hapa?" askari akamuuliza.

"Sikuona mtu," shemeji akasema.

Na ilikuwa kweli. Askari akaandika hivyo, akaondoka zake.

Miwa ilikatwa wiki ileile, kwa sababu ilikuwa imeungua. Mvua ilimkuta mama ameshapanda, mkono mmoja una bendeji ya hospitali ya Mukumu, mwingine una jembe. Siku moja nikimbadilishia bendeji nilishindwa kunyamaza.

"Mama, ungekufa. Kwa sababu ya mtu ambaye amekupa wajukuu?"

"Ningekufa mngenizika," alisema. "Ningetoka mbele yake vile, leso imelegea, ningeishi wapi?"

"Na sheria ya chifu?"

Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za kijiji asichokijua.

"Hiyo ni ya chifu," alisema.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Sina ugomvi na wahenga, ila mama yangu hawakumjua. Mahindi yalipokauka alisaga debe la kwanza, akachinja ingokho, kuku wa mgeni wa heshima, akanipa vyote nimpelekee shemeji nyumbani kwake. Hakumtumia salamu. Shemeji alikula akamaliza, naye hakurudisha salamu.

Mama ameshatutoka. Siku ya mazishi watu walipanga foleni kuuona uso wake, na shemeji, mzee sasa, mwenye fimbo, akaja na foleni ile. Alipofika kwenye jeneza alivua kofia, akageuka, akalipa mgongo. Foleni ikakwama. Wageni wa kutoka mjini walinong'ona kwamba mzee huyu anamdharau marehemu. Alikuwa amefumba macho, hajui aende wapi. Nilitoka nilipoketi nikasimama karibu naye, nikangoja jeneza lifunikwe.

"Amepita, shemeji," nikamwambia.