Ukuta wa Ghala la Chumvi

Mji huu mnaouona ni wa pili. Wa kwanza uko chini ya maji. Bahari iliubeba alasiri moja, zamani za mababu, nyumba na visima na vitanda vyake, na waliopona wakarudi nyuma hatua mia nne hivi wakajenga upya nyuma ya mikoko. Watu wabishi hawa, nawaambieni! Mtu akifukuzwa anaondoka, wao wakahamia chumba cha pili. Basi ukiwa baharini mji huuoni. Unaona mikoko tu, kijani kitupu kutoka mkono huu mpaka huu, na mbele ya mikoko kuna mwamba uliojificha chini ya maji, na mwamba mzima una mlango mmoja tu wa kupita mashua.

Humo aliishi fundi rangi mmoja waliyemwita Nchikavu. Jina hilo lilimpata akiwa na miaka kumi na miwili, siku alipopandishwa mashua mara ya kwanza na ya mwisho. Alitapika tangu nanga inang'olewa mpaka inashushwa. Walimbeba kumrudisha nyumbani kama gunia. Toka siku hiyo mambo ya bahari akamwachia mdogo wake, ambaye alikuja kuwa nahodha, na yeye akashika brashi ya baba yao.

Baba alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemtuma. Kila mwaka alipaka chokaa ukuta wa ghala la chumvi, ule mmoja tu unaotazama bahari. Kuta nyingine tatu ziliota ukungu, hakuzigusa. Alipokuwa kitandani anaaga dunia alimshika Nchikavu mkono akamwambia, "Ule ukuta usiuache ukachafuka." Sababu hakuisema, na Nchikavu hakuuliza. Mgonjwa wa namna ile unamuuliza nini?

Miaka sita alipaka chokaa, na miaka sita mvua ikaiosha. Akachoka. Ndipo mwenye ghala akamwambia kuna madebe ya rangi ya mafuta stoo, kijani, yamekaa tu. Nchikavu akafurahi sana. Rangi ya mafuta haichafuki! Ukiipaka leo, miaka kumi unapangusa tu na kitambaa. Aliona hapo ndipo wosia wa marehemu unatimia barabara.

Akaanza asubuhi mapema, ngazi begani. Kufika adhuhuri ukuta mzima ulikuwa unang'aa kijani, na yeye amesimama chini anautazama, kichwa upande, anajisifu mwenyewe kimoyomoyo.

Mshona nyavu akatoka kibandani kwake. Huyu alikuwa mvuvi mpaka mguu ulipomharibikia, na tangu hapo alikuwa hana dogo, kila kitu ni kosa. Aliinua macho ukutani, sindano ikamdondoka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Nchikavu akajibu, meno yote nje. "Unaonaje, kaka?"

"Mashua ngapi ziko nje?"

"Saba. Kwani vipi?"

"Watu ishirini na wanane! Umewaua watu ishirini na wanane, we mjinga, na mdogo wako yumo!"

Nchikavu alidhani anataniwa, mpaka alipomwona mzee mzima anatetemeka mdomo. Ukuta ule, mshona nyavu alimweleza kwa kumfokea, ndio alama ya mlango wa mwamba. Nahodha anautafuta weupe ule unaochungulia penye mwanya wa mikoko, anauelekezea mashua, anapita salama. Bila huo hakuna mlango. Kila mvuvi alilijua hilo, na hakuna aliyelisema nchi kavu, kwa sababu wavuvi hawasemi alama zao. Ukiitaja moja, kesho mwenzako anakuuliza ya pili, keshokutwa yuko kwenye samaki wako. Wake zao hawakujua. Mtu anayetapika mashuani ndiyo kabisa, nani angemwambia?

Lahaula! Nchikavu alikufa ganzi. Alichukua ndoo ya chokaa akaimwaga ukutani. Chokaa ikateleza juu ya mafuta, ikaishia chini yote, ukuta ukabaki kijani vilevile. Akajaribu tena kwa mikono. Akawa analia bila kujua kama analia.

"Shemeji! Shemeji we!" alipiga kelele kuelekea soko la samaki, ambako mke wa mdogo wake alikuwa anapaa samaki. "Mashuka! Leta mashuka meupe, yote, usiniulize!"

Shemeji hakuuliza. Alimwona uso akatupa kisu. Jamani, mji ule ulivuliwa nguo kwa nusu saa! Yalikuja mashuka ya vitandani, ya nyumba ya wageni, mapazia ya shule, hata koti la daktari lilikuja, mwenyewe analifuata nyuma. Wanawake walipanda juu ya paa la ghala wakayaninginiza, wakayashika kwa mikono maana misumari haikutosha.

Huko nje mashua sita zilikuwa zimesimama, zinazungukazunguka hazijui pa kwenda. Weupe ulipotokea zikageuka, zikajipanga. Moja ikapita mlangoni. Ya pili. Shemeji juu ya paa alikuwa anahesabu kwa sauti, na sauti ilimkatika kwenye sita.

Ya saba ilikuwa juu ya mwamba, imelala ubavu, mawimbi yanaipasua. Ilikuwa imefika hapo kabla ya shuka la kwanza.

Mashua ya mwisho ndiyo iliyowaokota, wote wanne. Yule nahodha, mdogo wake Nchikavu, aliruka majini kabla haijagusa mchanga, miguu imechanika inavuja damu. Alimfikia mkewe, aliyekuwa ameshuka paani, akampapasa uso, akampita. Akaja kumkamata Nchikavu mabega yote mawili.

"Kaka! Mko hai? Wote mko hai?"

"Sisi? Si wewe ndiye..."

"Nimetafuta ukuta, hakuna. Mikoko tu. Nikajua bahari imerudi, imewabeba kama walivyobebwa wale wa mji wa kwanza." Alikuwa anahema. "Wenzangu wakasema tungoje. Ningengoja nini, kaka? Nimepita juu ya mwamba moja kwa moja nije niwatafute."

Nchikavu akaunyoosha mkono wake, kijani mpaka kiwiko.

"Ni mimi," alisema. "Nimeupaka mimi, mdogo wangu. Nilitaka usichafuke."

Mdogo wake aliutazama ule mkono. Kule mwambani ubao mwingine ukakatika, watu wote wakausikia.

"Basi mko hai," alisema, akakaa chini mchangani, akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya mji wote.